Mbwa, dumu la lita tano na kiota cha kasa: uchambuzi wa kisa cha ufukweni Mtwara

Mahali na sheria yake

Kisa hiki kilitokea mwezi Juni, wakati wa likizo ya shule, katika kijiji kimoja kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Jina la kijiji na majina ya wahusika yameondolewa, na tarehe zimesogezwa kidogo ili asitambulike mtu.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, namba 29 ya mwaka 1994. Ina kama kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na nchi kavu. Ndani yake kuna vijiji, minazi, mikorosho, madiko, misikiti na shule. Watu wanaishi humo, na mbwa wao wanaishi humo.

Hapo ndipo wageni wengi wanapochanganya mambo. Katika hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, kama Saadani, ambayo nayo iko pwani, mgeni haingii na mbwa wake na hakuna cha kujadili. Hifadhi ya bahari inasimamiwa na kitengo kingine, kilicho chini ya wizara ya mifugo na uvuvi, na kwa kuwa ina vijiji ndani yake, swali la mbwa huko halijibiki kwa ndiyo au hapana tu. Linajibiwa kwa masharti: mbwa awe wapi, saa ngapi, amefungwaje. Mwenye mbwa akisikia sehemu ya "ndiyo" peke yake, ameshaanza vibaya.

Waliosafiri

Familia ya watu wanne wakazi wa Mtwara mjini: baba, mama, binti wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka 9. Mbwa wao alikuwa dume chotara wa miaka mitatu, kilo 27, mwenye shingo nene na kichwa chembamba. Umbo hilo la shingo na kichwa litarudi baadaye. Nyumbani hulinda ua. Mchana hufungwa, usiku hufunguliwa. Hakuwahi kulala nje ya ua wake hata siku moja. Mpango ulikuwa kulala usiku mbili kwenye hema ufukweni.

Maandalizi

Wiki moja kabla, baba alipiga simu kwa wasimamizi wa hifadhi na kusema wazi kwamba anakuja na mbwa. Akapewa masharti ya safari yake: mbwa awe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, awe amefungwa muda wote, asivushwe kwenda visiwani, na usiku asiwepo ufukweni kwa sababu ya kasa. Akaambiwa pia wajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kusimika hema.

Alipoitafuta kadi, akakuta chanjo ya mwaka imepitwa na miezi miwili. Zilikuwa zimebaki siku tano, na mbwa akachanjwa siku hiyohiyo. Uamuzi huo ulikuwa mzuri kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Mbwa aliyewahi kuchanjwa huko nyuma, sindano ya kurudia huamsha kinga yake ndani ya siku chache. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa na kinga baada ya siku kama 28. Mbwa huyu angekuwa hajawahi kuchanjwa, siku tano zisingetosha, na ingebidi safari iahirishwe.

Mizigo ya mbwa ilikuwa dumu la maji la lita 5, bakuli, dagaa na ugali, kamba ya manila ya mita 6, na mkanda wa shingo wa ngozi. Maji ya watu yalikuwa madumu mawili ya lita 20. Lita 5 zilipigiwa hesabu kuwa zitamtosha mbwa safari nzima.

Sharti la usiku lilieleweka hivi: mbwa afungwe karibu na hema. Hema lenyewe litasimama wapi, hakuna aliyeuliza.

Mchana wa kwanza

Walifika Ijumaa kabla ya saa tano asubuhi, wakalipa ada, wakaonyesha kadi, wakapita kwa mwenyekiti. Yeye akawapa kijana wa kuwaongoza.

Jambo la kwanza lilitokea kisimani. Binti alimpitisha mbwa karibu mno, naye akatia mdomo kwenye ndoo ya kutekea. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaacha kamba. Wakazi wengi wa pale ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa ndoo inayozama kwenye kisima cha watu wote, hilo si jambo dogo. Mama hakujitetea. "Tusameheni, mama zangu, kosa ni letu," akasema, akamtuma binti dukani kununua ndoo mpya. Ile ya kwanza wakaichukua wao, ikawa ya mbwa. Mwanamke mkubwa kuliko wenzake akamjibu, "Yameisha, mwanangu. Ila mnyama wenu mnywesheni mbali na kisima."

Saa sita walipita dikoni. Mbwa alikuwa tayari ameinamia samaki aina ya bunju aliyetupwa mchangani, na mvuvi mmoja akamzuia kwa kasia. Wavuvi hutupa bunju kwa sababu wanamjua: ini, mayai na ngozi yake vina sumu isiyo na dawa ya kuiondoa. Mbwa aliyemla huanza kudondosha mate na kutapika, kisha miguu humlegea, na mwisho misuli ya kupumua husimama. Hapo hapakutokea madhara, lakini ni kwa sababu mvuvi alikuwa karibu, si kwa sababu mshika kamba alikuwa macho.

Hema lilisimikwa chini ya mivinje, pale mchanga unapokutana na majani, juu ya alama ya maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida. Kivuli kizuri na upepo wa kutosha. Hatua kama kumi na tano kutoka hapo palikuwa na mburuzo mchangani, upana wake karibu mita moja, mistari yake imelingana kushoto na kulia kama alama ya tairi la trekta, ukiishia kwenye mchanga uliotifuliwa. Mtoto aliuliza ni nini. Akajibiwa kwamba ni mtumbwi uliovutwa.

Mbwa alishinda majini na watoto, kamba ikiburuta nyuma yake. Dumu lake likaisha saa kumi jioni. Kuanzia hapo alikuwa akilamba maji ya bahari kila alipofuata mpira, kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna aliyeona kuwa anakunywa.

Saa nane usiku

Saa tatu usiku mbwa alitapika mara mbili. Kufikia saa tano alikuwa anaharisha, anauzunguka mti na kulia. Saa saba na nusu baba alimhamishia kwenye mvinje mwingine, hatua ishirini kutoka kwenye hema, ili asilichafue. Ulikuwa upande wa ule mburuzo.

Kilichomwamsha mama baada ya saa nane ni kimya. Akatoka na tochi. Kamba ilikuwa bado mtini, fundo halijalegea. Kwenye ncha ya pili mkanda ulilala mchangani, umefungwa vilevile, pini kwenye tundu lilelile la asubuhi, na ndani yake hamna kitu. Ngozi iliyoloa kutwa nzima ilikuwa imenyooka, na kile kichwa chembamba kikapita.

Mbwa alikuwa ameingia shimoni hadi mabegani. Ute wa mayai ulikuwa umemganda puani. Walipomkaribia, mbwa wawili wa kijiji walikuwa wameshafika kwa harufu, na ugomvi ukaanza. Baba akaingiza mkono katikati, akaumwa chini ya kidole gumba. Na mbwa yupi, hakujua.

Maamuzi kabla ya alfajiri

Mama alimtia mbwa wao kanga shingoni, akamvuta hadi kwenye gari na kumfungia humo, vioo vimeteremshwa kidogo. Usiku wa Juni, kusi likivuma, gari lilikuwa mahali salama kwa saa chache. Jua likishatoka lisingefaa hata kwa nusu saa.

Jeraha la baba lilioshwa kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15 kamili. Binti ndiye aliyeshikilia dumu na saa, kwa kuwa alifundishwa hivyo shuleni. Zaidi ya lita kumi za maji ya kunywa zilikwenda hapo, na baba alipotaka kuacha katikati, binti akakataa.

Wakati huohuo mama alirudi shimoni. Kulikuwa na mayai 14 yaliyopasuka na mengine 11 mazima yaliyotapakaa mchangani, meupe na mviringo kama mipira ya tenisi ya meza. Aliyaonea huruma. Akayasuuza kwa maji ya bahari kuondoa ute, akayarudisha juu ya yaliyobaki shimoni, akafukia kwa mchanga mkavu.

Likabaki swali la kusema au kunyamaza. Kusi lingefuta alama kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna aliyewaona. Kasa na mayai yake vinalindwa na sheria za uvuvi, na baba aliogopa kesi. Hata hivyo akaamua kusema, kwa sababu mbili: jeraha lilihitaji kujulikana mbwa wa kijiji ni wa nani, na mbwa waliokwisha kuijua ladha ya kiota kile wangerudi kesho yake. Namba ya simu ya usiku hakuwa nayo. Akasubiri watu watoke kwenye swala ya alfajiri, ndipo akaenda kwa mwenyekiti.

Yaliyofuata

Mwenyekiti alikuja na kijana wa kijiji aliyefundishwa kufuatilia viota, pamoja na mzee mmoja mvuvi. Mzee aliutazama mti, akaivuta kamba, akauokota mkanda. "Kamba mmeifunga vizuri, mwanangu," akamwambia baba. "Mbwa ndiye hamkumfunga."

Yule kijana alifanya kazi kwa mpangilio ambao unafaa kuelezwa. Kwanza aliondoa maganda yaliyopasuka pamoja na mchanga wote uliolowa ute, akaenda kuvizika mbali, maana harufu hiyo huwaita kaa, kenge, siafu na mbwa. Mayai yaliyokuwa bado mahali pake hakuyagusa. Yale 11 yaliyosuuzwa aliyasogeza pembeni mwa shimo bila kuyageuza tena, akayatenga kwa kipande cha wavu ili yahesabiwe peke yake. Akafukia kwa mchanga mbichi aliouchimba pembeni kwa kina kilekile. Juu, kama sentimita 20 chini ya uso wa mchanga, akalaza wavu wa plastiki wenye matundu ya sentimita 10 na kuukaza kwa vigingi pembe zote. Tundu la kipimo hicho humpitisha mtoto wa kasa na kumzuia mbwa kuchimba zaidi. Kwa kuutazama mburuzo akakadiria kuwa kasa alipanda siku mbili kabla.

Familia ilipewa onyo la maandishi na kutakiwa kumwondoa mbwa siku hiyohiyo. Baba alifika hospitali mjini kabla ya saa sita mchana na kuanza chanjo. Mbwa wawili wa kijiji walitambuliwa, wenyewe wakakubali kuwafunga na kuwatazama kwa siku 10, na yule wa familia akatazamwa vilevile. Wote watatu walibaki wazima, kwa hiyo baada ya sindano za siku ya 0, ya 3 na ya 7 daktari alisimamisha zilizobaki. Mbwa wa familia alishonwa sikio, akapewa chanjo ya kuongezea na kuwekwa chini ya uangalizi kwa siku 45. Kuharisha kuliisha kwa maji baridi aliyopewa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe.

Kiota kilianguliwa siku ya 56 tangu yule kijana alipokikadiria kutagwa. Kilipofukuliwa na kuhesabiwa, yalipatikana hivi: kati ya mayai 93 ambayo hayakutoka mahali pake, 71 yaliangua. Kati ya yale 11 yaliyosuuzwa, liliangua moja. Ukijumlisha na 14 yaliyopasuka, kasa yule alikuwa ametaga mayai 118.

Uchambuzi: maji

Ukiuliza kisa hiki kilianzia wapi, wengi watasema kwenye mkanda wa shingo. Kilianzia kwenye dumu. Mbwa aliyetulia huhitaji mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita moja na nusu kwa mbwa wa kilo 27. Akikimbia juani, kiasi hicho huongezeka mara mbili au zaidi. Kwa siku mbili za ufukweni alihitaji angalau lita 6 za kunywa, na nyingine za kumsuuza chumvi. Alipewa 5, na zikaisha kabla ya magharibi ya siku ya kwanza huku lita 40 za watu zimekaa palepale kivulini. Upepo wa kusi nao hudanganya. Binadamu anapulizwa anahisi poa, asijue kuwa mbwa, ambaye hupoza mwili kwa kuhema, anapoteza maji kila dakika.

Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Chumvi hiyo ikifika tumboni huyavuta maji ya mwili kuingia kwenye utumbo, na ndiyo maana ya kule kuharisha. Akinywa mengi zaidi, huingia damuni na kuuathiri ubongo: mbwa huyumba, hutetemeka, hupata degedege. Kufikia hapo hakuna tiba ya nyumbani, ni daktari wa mifugo. Mbwa huyu hakufika huko. Lakini tumbo lililochafuka ndilo lililomnyima usingizi, likasababisha ahamishwe mti, likamfanya ajivute kwenye mkanda saa nzima.

Uchambuzi: mkanda na kamba

Kanuni ya vidole viwili, kwamba mkanda uache nafasi ya vidole viwili tu shingoni, ni ya mkanda mkavu. Ngozi ikiloa hunyooka, na mkanda uliobana saa nne asubuhi unaweza kupita kichwani usiku. Kwa mbwa mwenye shingo nene kuliko kichwa, mkanda wa shingo peke yake haufai ufukweni hata ukiwa mkavu. Anahitaji mkanda wa kifua wa nailoni, unaopita nyuma ya miguu ya mbele, na ukaguliwe kila anapotoka majini. Mita 6 za kamba pia ni nyingi kwa mbwa aliyefungwa mtini, kwa kuwa humpa nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kukaza. Mita mbili zinatosha.

Uchambuzi: hema lilisimama kwenye kitalu

Hili ndilo kosa kubwa zaidi, na ndilo linalorudiwa na watu waangalifu kabisa. Kasa anapopanda kutaga hutafuta mchanga mkavu uliovuka maji ya bamvua, karibu na majani. Msafiri anayetafuta mahali pa hema anatafuta kitu hichohicho. Mstari wa kasa na mstari wa hema ni mmoja. Katika pwani ya Tanzania wanaotaga ni kasa wa kawaida, yule wa kijani, na ng'amba. Kasa hutaga karibu mwaka mzima, wengi zaidi kati ya Machi na Juni.

Mburuzo wa kasa huyo wa kijani ni mpana, hukaribia mita moja au kuizidi, na alama za mapezi ya pande mbili hulingana, kwa sababu huyasukuma yote kwa pamoja. Wa ng'amba ni mwembamba zaidi na alama zake hupishana. Mtumbwi uliovutwa huacha mfereji mmoja laini, na pembeni yake nyayo za watu. Mtoto wa miaka tisa aliuliza swali sahihi. Angejibiwa "twende tukamuulize kijana wa kijiji", hema lingehama kabla ya jioni.

Kiota chenyewe hakionekani. Mayai ya juu hukaa makumi kadhaa ya sentimita chini ya mchanga na ya chini hufikia sentimita 60 hadi 80, kina ambacho mbwa wa kilo 27 hukifikia kwa dakika chache. Pua yake hukitambua kwa urahisi zaidi nyakati mbili: siku za kwanza baada ya kutagwa, ute ungali mbichi, na siku za kuangua. Usiku wa pili baada ya kutagwa ni katikati ya hatari ya kwanza.

Kwa hiyo sharti la "usiku asiwepo ufukweni" halikuwa namna nyingine ya kusema "afungwe". Lilimaanisha aondoke kabisa kwenye ule mstari wa mchanga na majani. Hakuna kamba inayoweza kuwa badala yake. Na haisaidii kusema kwamba mbwa wa kijiji nao hufukua viota. Ni kweli, hufukua, na ndiyo sababu ya wavu wa yule kijana. Lakini mbwa wa kijiji wale usiku huo walifuata shimo ambalo mgeni aliwafungulia.

Uchambuzi: mayai kumi na moja

Huruma ya mama ilikuwa ya kweli, na matokeo yake yako kwenye hesabu. Saa chache baada ya yai la kasa kutagwa, kiinitete hujishika kwenye utando wa juu ndani ya ganda. Kuanzia hapo, kuligeuza ni kukichana kiinitete. Yai la siku mbili lililoviringishwa mchangani na mbwa lina nafasi ndogo tayari. Kulisuuza na kulipanga upya humaliza nafasi hiyo. Haiwezekani kujua ni mangapi kati ya yale 11 yalikufa kwa mbwa na mangapi kwa mkono, wala si haki kumbebesha mbwa yale 22 ambayo hayakuangua yakiwa mahali pake, maana karibu kila kiota huwa na yasiyoangua.

Kilichotakiwa kufanyika saa ile: kumwondoa mbwa, kuzima tochi nyeupe, kuacha kila yai upande lilipo, kuyafunika kwa mchanga mbichi kiganja kwa kiganja bila kuyabiringisha, kuweka kijiti cha alama, na mtu mmoja kukaa hapo hadi afike anayejua. Mama na baba walizunguka na tochi kali ufukweni kwa muda unaokaribia saa mbili, na kasa mwingine aliyekuwa akijiandaa kupanda usiku huo angeiona taa na kugeuka baharini.

Uchambuzi: jeraha

Hapa familia ilifanya kila kitu sawa, na sehemu kubwa ya sifa ni ya binti. Sabuni na maji kwa dakika 15 huosha virusi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu, na dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtwara na Lindi zilikuwa miongoni mwa mikoa ya kusini mashariki iliyoingia katika mradi mkubwa wa majaribio wa kutokomeza kichaa, ulioanza mwaka 2010 kwa uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Kazi ya mradi ule ilikuwa kuchanja mbwa kwa wingi, kwa kuwa inahitajika angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe na kinga ili mnyororo wa ugonjwa ukatike. Mbwa huzaliana haraka, na kinga hiyo hushuka chanjo ikiachwa mwaka mmoja au miwili. Kuumwa na mbwa kijijini basi kuchukuliwe kuwa ni hatari mpaka ithibitike vinginevyo.

Kusema ukweli alfajiri ndiko kulikowezesha mbwa wa kijiji watambuliwe siku ileile. Baba angenyamaza, asingekuwa na wa kuwatazama kwa siku 10, angemaliza dozi zote kwa hofu, na kiota kingefukuliwa usiku uliofuata.

Safari hiyo ikipangwa upya

Kuanzia Machi hadi Juni, mbwa abaki nyumbani. Huo ni msimamo wetu, na hatuoni njia ya kuulegeza.

Miezi mingine, aende kwa ziara ya mchana tu: kufika alfajiri maji yakiwa yanakupwa, kutembea kwenye mchanga mgumu ulio chini ya alama ya maji kujaa, na kuondoka ufukweni kabla ya saa nne, mchanga haujaanza kuunguza nyayo. Ikilazimu kulala, alale ndani ya ua wenye uzio kijijini, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, mbali na ufukwe. Maji yake yawe kwenye dumu la lita 20, na bakuli lijazwe kila baada ya nusu saa hata kama hakuomba. Awe na ndoo yake mwenyewe, isiyofanana rangi na za kisimani. Kitambulisho kibebwe, kwa kuwa eneo liko mpakani na lina visima vya gesi. Kadi ya chanjo iwe haijapitwa. Na kabla ya kuagana na mtu wa hifadhi, iombwe namba inayopokelewa saa nane usiku. Mbwa anayetoka mkoa mwingine, daktari wa mifugo aulizwe mapema kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Na mtu mmoja apewe kamba mkononi, mmoja tu, ajulikane kwa jina. Siku ile kamba ilipita mikononi mwa watu wanne. Kisimani ilikuwa kwa binti, dikoni kwa mtoto, majini haikuwa kwa yeyote.